"Wanawake wa Heri" jukwaani London

Jirani yangu hapa Munyaka, msichana wa kidato cha tatu, aliniuliza majuzi: "Mwalimu, kwani tamthilia hutungwa isomwe ama ichezwe?" Ameisoma tamthilia teule mara tatu na hajawahi kumwona mtu akiiigiza. Nikamsimulia habari za Globe.

Ukumbi wa Globe wa London, ambamo tamthilia za Shakespeare ziliigizwa, ulijengwa 1599, ukateketea 1613, ukainuliwa tena na hatimaye kufungwa 1642. Wa leo ni mfano wake, uliofunguliwa 1997 kwa jitihada za mwigizaji Mmarekani Sam Wanamaker, aliyefariki kabla haujakamilika. Paa ni la nyasi, na katikati ni wazi. Wenye tiketi za bei nafuu husimama uani; mvua ikija, wanalowa. Mwigizaji anawaona usoni, kama mtambaji wetu wa hadithi.

Mwaka 2012 ukumbi huo ulialika tamthilia 37 katika lugha 37. Kiswahili kikapewa The Merry Wives of Windsor, iliyochezwa na waigizaji wa Afrika Mashariki kwa tafsiri ya Joshua Ogutu: Wanawake wa Heri wa Winsa. Mrisho Mpoto, yule mghani wa Tanzania, alikuwa Falstaff, mzee mnene anayewaandikia wake za watu wawili barua moja ileile, kisha anaishia kufichwa kwenye kapu la nguo chafu na kutupwa mtoni.

Hebu tulitazame jina hilo. "Winsa" limefuata njia ya Nyerere, aliyetupa Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Lakini "heri"? Merry ni mchangamfu, mcheshi. Heri ni baraka. Nadhani mlio wa neno ulipendwa kuliko maana, na sikio langu halilalamiki. Ninalolalamikia ni "wanawake". Kichekesho chote kimesimama juu ya ndoa: hao ni wake, wana waume, na mmoja wa waume hao ana wivu wa kupindukia. Ukisema "wanawake" tu, ndoa imeponyoka mlangoni.

Hata hivyo, uteuzi wenyewe ulikuwa wa busara. Sehemu kubwa ya tamthilia hiyo ni nathari, maneno ya majirani wanaosutana na kupanga njama. Nyerere alipambana na mistari ya kishairi ya Kaizari, Kiswahili kikapanda cheo na kuwa kizito kama joho. Huku Winsa, mtafsiri angeweza kuchota moja kwa moja kutoka sokoni. Hapo ndipo kimya cha mwanafunzi wangu kinaponiuma: lugha ya umbea aijua vizuri kuliko mimi, ila shuleni hufundishwa kuorodhesha sifa za wahusika.

Jumamosi ijayo atakuja na wenzake wanne. Ua wangu ni mdogo, na kapu la nguo nimeshaazima.