Nyumba za bei nafuu kwa wazee mjini: Mzazi anapoitwa Dar, familia ijue nini

Katika vijiji vya Same, kuanzia Suji na Chome hadi Mamba na Gonja, familia nyingi zina mtoto anayefanya kazi Dar es Salaam. Baba na mama wakizeeka, hoja huja: wahamie mjini, karibu na hospitali na watoto. Wengine hufikia hadi kutaka kuuza shamba. Hapa tunaeleza nyumba anazoweza kuzipata mzee wa kipato kidogo mjini, na mambo ya kuuliza kabla ya safari.

"Bei nafuu" maana yake nini?

Zipo nchi ambako nafuu hupimwa kwa mfuko wa mpangaji. Marekani ina mpango ulioanza mwaka 1959 wa majengo ya wazee wenye kipato cha chini. Anayeingia awe ametimiza miaka 62, naye hulipa takribani asilimia 30 ya kipato chake. Kwa hesabu ya kwetu, mwenye kipato cha shilingi 100,000 kwa mwezi angelipa 30,000. Nyingine hufidiwa na serikali.

Tanzania Bara haina mpango wa namna hiyo kwa ajili ya wazee. Shirika la Nyumba la Taifa, NHC, lilianzishwa mwaka 1962, na kwa miaka mingi sheria ilizuia kodi za nyumba kupanda ovyo. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo, kodi hufuata zaidi bei ya soko kuliko umri au kipato cha mpangaji.

Magomeni Kota

Mfano unaotajwa sana ni Magomeni Kota, Dar es Salaam. Wakazi wa kota za zamani waliondolewa ili eneo lijengwe upya, wakakaa miaka mingi wakipanga kwingine. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliahidi kuwajengea, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua magorofa yenye nyumba 656. Walengwa walikuwa kaya 644 za wakazi wa zamani, wazee wakiwemo. Utaratibu uliowekwa ni wa mpangaji mnunuzi, yaani kulipa kidogo kidogo mpaka nyumba iwe yako. Kwa hiyo mzee anayetoka Same leo hawezi kwenda kuomba chumba pale kwa sababu ya uzee wake.

Zanzibar na makazi ya wazee

Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilijenga magorofa ya wananchi, yakiwemo ya Michenzani. Ilianzisha pia makazi ya wazee, kama Sebleni. Tangu Aprili 2016, Zanzibar hulipa pensheni jamii kwa wazee waliotimiza miaka 70.

Huku Bara, serikali ina makazi ya wazee, mfano Njoro mjini Moshi na Nunge, Kigamboni. Hayo si nyumba za kupanga. Ni ya wazee wasiojiweza na wasio na ndugu wa kuwatunza, na njia ya kuingia ni kupitia Ofisi ya Ustawi wa Jamii.

Kabla mzazi hajahama

Kinachobaki kwa wengi ni chumba cha kupanga mtaani. Familia ijiulize haya:

- Nani atalipa kodi? Wenye nyumba wengi hudai miezi 6 au mwaka mzima kwa mkupuo. Aliyelipa mara ya kwanza ataweza na ya pili?
- Mzee atapanda ngazi? Ghorofa ya tatu bila lifti, au lifti inayosimama umeme ukikatika, inaweza kumfungia ndani. Tazameni pia choo kiko wapi na kama ni cha kuchangia.
- Vipi huduma anazopata sasa? Kama yuko TASAF, au ana kitambulisho cha matibabu bure kwa wazee, muulizeni mtendaji wa kijiji na Ustawi wa Jamii itakuwaje akihama.
- Nani atakaa naye mchana? Kijijini jirani hupita kumjulia hali, na kazi nzito kuna msaragambo. Mjini watoto huondoka alfajiri na kurudi usiku.

Shamba lisiuzwe kwanza

Fedha za shamba zikilipia kodi, zitakwisha, na mzee hatakuwa na pa kurudi. Ni busara akakae miezi michache kwanza, shamba likikodishwa au likilimwa na ndugu. Kumbukeni pia kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na ardhi ya kijiji haihamishwi bila Halmashauri ya Kijiji.

Zaidi ya yote, mzee mwenyewe aulizwe anataka kuishi wapi, na asikilizwe.