Ukaguzi wa Tahajia ya Kiswahili: Kutoka Kamati ya Lugha hadi SWATWOL

Kazi ya kukagua tahajia ya Kiswahili ilianza kabla ya kompyuta. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilisoma miswada ya vitabu vya shule na kuidhinisha ile iliyofuata lugha sanifu, iliyojengwa juu ya Kiunguja. Kamusi zilizotolewa mwaka 1939 chini ya Frederick Johnson ziliimarisha utaratibu huo. Mkaguzi wa wakati huo alikuwa mtu, na uamuzi wake uliweza kupingwa kwa hoja.

Mashine ilileta tatizo la namna nyingine. Programu za mwanzo za kukagua tahajia zilibuniwa kwa Kiingereza na zilitegemea orodha ya maneno. Kwa Kiswahili mbinu hiyo haifiki mbali. Kitenzi “hawatakupiga” hubeba ukanushi, nafsi, njeo, yambwa, mzizi na kiishio. Ukiongeza urejeshi na unyambuaji, mzizi mmoja huzaa maumbo mengi mno kuorodheshwa.

Suluhisho lilitoka Helsinki. Kimmo Koskenniemi alichapisha nadharia ya mofolojia ya ngazi mbili mwaka 1983, na Arvi Hurskainen akaanza kuitumia kwa Kiswahili mnamo 1985. Mfumo wake, SWATWOL, haukuhifadhi maumbo, bali mizizi, viambishi na kanuni za kuviunganisha. Si ajabu kwamba msaada ulitoka kwa Wafini: lugha yao nayo ina viambishi tele.

Hata hivyo, kadiri programu inavyokubali maumbo mengi, ndivyo makosa yanavyopita yakiwa na sura ya neno halali. Mwandishi anayedondosha /h/ huandika “ajali” akikusudia “hajali”. Anayechanganya /r/ na /l/ huandika “kupiga kula”. Maneno hayo yote yamo katika kamusi. Makosa ya aina hii, yanayotokana na athari za lugha ya kwanza, hayanaswi bila uchanganuzi wa sentensi nzima. Hivyo chombo humsaidia kidogo zaidi yule anayekihitaji zaidi.

Upande wa pili, programu hukataa yasiyo makosa. Mhariri wa tenzi za Mombasa anayeandika “ndia” na “mato” hupigiwa mstari mwekundu ule ule anaopigiwa mwanafunzi aliyekosea. Ubaguzi wa 1930 dhidi ya Kimvita umeingia katika programu pamoja na kamusi zilizoilisha, safari hii bila katibu wa kuandikiwa barua.