Ng' katika Maandishi ya Moiben

Mwandishi wa Kikalenjin huko Moiben, kaskazini-mashariki ya mji wa Eldoret, huandika ng'alek, yaani maneno, bila kuhitaji kibonye kipya. Hali hii ina historia yake. Taipureta ya Remington, iliyoanza kuuzwa mwaka 1874, iliundwa kwa mahitaji ya Kiingereza. Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika, iliyoanzishwa London mwaka 1926, ilipendekeza herufi ŋ. Kiswahili na Kikalenjin havikuifuata. Yamkini ritifaa ilipendelewa kwa kuwa ilikuwamo tayari mashinani.

Jirani aandikaye Kikuyu hakubahatika hivyo. Irabu zake ĩ na ũ mara nyingi zilichorewa wimbi kwa kalamu. Leo zimo katika Unicode, iliyochapishwa kwanza mwaka 1991, na kilichobaki ni kupanga kibodi tu.

Ajabu ni kwamba ritifaa iliyoinusuru ng' ndiyo sasa iletayo tabu. Programu za kuandikia huigeuza kuwa alama ya kufungia nukuu, na neno moja likahesabiwa mawili litafutwapo. Unicode inayo ritifaa iliyo herufi kamili, nambari 02BC, ila kibodi za kawaida hazina.

Zito zaidi ni irabu. Kikalenjin hutofautisha irabu kumi kwa mkao wa shina la ulimi, mbali na urefu, ilhali huziandika kwa herufi tano zilezile za taipureta. Mtoto wa Moiben asomapo lugha ya mama darasani hana budi kukisia nyingine.