Rejesho la Karibu na Rejesho la Mbali: Historia Fupi ya Jaribio la Itheneti Ikitazamwa Kutoka Arua na Koboko

Mwaka 2017 kampuni za Facebook, Airtel na BCS zilitangaza ujenzi wa mkongo wa takribani kilomita 770 kaskazini-magharibi mwa Uganda. Mkongo wa taifa unaosimamiwa na NITA-U nao ukafika Arua na Koboko katika awamu yake ya nne. Tangu hapo swali la zamani la mawasiliano limepata uzito mpya West Nile: Koboko inaponyamaza, kosa ni la upande gani?

Jibu la kwanza lilibuniwa ndani ya kifaa chenyewe. Kiwango cha IEEE 802.3u cha 1995 kiliipa transiva ya itheneti rejista ya udhibiti. Biti yake ya 14 ikiwashwa, transiva hujitenga na njia ya nje na kuirudisha data kwa mtumaji. Hilo ndilo rejesho la karibu. Linathibitisha uzima wa saketi za ndani, lakini halisemi lolote kuhusu kiunganishi, uzi wala kituo cha jirani. Ni kama mtu anayejisikiliza akiwa ameziba masikio. Ripoti ya makabidhiano inayotegemea jaribio hili pekee yaweza kuwa ya kweli neno kwa neno, na Koboko ikabaki kimya.

Kiwango cha 802.3ah cha 2004 kilileta rejesho la mbali: kifaa cha upande mmoja wa kiungo huamuru cha upande wa pili kurudisha fremu zote za data. Pamoja nalo ukaja ujumbe wa “pumzi ya mwisho”, ambao kifaa hutuma kinapokatikiwa na umeme. Katika eneo lililoishi miaka mingi nje ya gridi ya taifa, ujumbe huo si jambo dogo: hutenganisha uzi uliokatwa na jenereta iliyoishiwa mafuta, na fundi hafungi safari bure. Hata hivyo, rejesho hilo haliruki kituo cha kati. Kuuliza kutoka Kampala hadi Koboko kulihitaji kiwango kingine, 802.1ag cha 2007.

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kikatiba tangu 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha hatua za kukitekeleza. Mkataba wa mkongo utakaoandikwa kwa lugha hiyo hautoshi kusema “jaribio la rejesho limefaulu”. Utaje kama rejesho ni la karibu au la mbali, na jina la kituo ambako data iligeuziwa.