Bustani ya Shiwa Ng'andu: Historia ya Makao ya Kiingereza Ng'ambo ya Luapula

Anayesimama ufukoni Kilwa, katika Katanga ya Juu, na kulitazama Ziwa Mweru, anautazama pia mpaka wa dola mbili. Mji wa Kilwa uko Kongo, na kisiwa cha Kilwa, ambacho wavuvi hukifikia kwa mitumbwi, kiko Zambia. Mgawanyo huo una asili yake katika mapatano ya tarehe 12 Mei 1894 kati ya Uingereza na Mfalme Leopold wa Pili, mapatano yaliyoandikwa Ulaya juu ya ramani zenye makosa mengi. Ilibidi watu waje baadaye kupima ardhini kile kilichokuwa kimekatwa kwenye karatasi. Kazi hiyo ilifanywa na tume ya Waingereza na Wabelgiji kati ya mwaka 1911 na 1914, ambayo ilipita hasa kwenye mgongo wa nchi unaotenganisha maji ya mto Kongo na maji ya Zambezi, ikiweka alama za mpaka kati ya Katanga na Rodesia ya Kaskazini.

Miongoni mwa maofisa wa upande wa Uingereza alikuwemo mwanajeshi wa mizinga aliyezaliwa mwaka 1883, Stewart Gore-Browne. Kazi ilipokwisha mwaka 1914, alisafiri kwa miguu kupitia nchi ya Wabemba na kufika kwenye ziwa dogo lililozungukwa na vilima. Hapo ndipo alipoazimia kujenga makao ya kifahari ya mashambani, kama yale ya mabwana wa kwao, pamoja na bustani zake. Makala haya yanahusu bustani hizo: zilitokana na fikra gani, zililimwa na nani, na kwa nini hazikudumu kama zilivyokusudiwa.

Jina la ziwa hilo ni Shiwa Ng'andu, na msomaji wa Lubumbashi hahitaji mkalimani ili kulielewa. Shiwa ni ndugu wa ziwa la Kiswahili. Ng'andu ni mamba, neno linalofanana na ngando ya Kilingala na ngandu ya Kiluba. Kwa Wabemba neno hilo lina uzito wa pekee, kwani ukoo wa watawala wao ni Bena Ng'andu, watu wa mamba. Kwa hiyo ziwa hili halikuwa pahali pasipo na mwenyewe, bali lilibeba jina la ukoo wa kifalme kabla ya mtu yeyote kulipigia mahesabu ya ekari. David Livingstone alipita sehemu hizo mwezi Januari 1867, na humo ndimo alimompoteza mbwa wake mdogo, Chitane. Masimulizi ya baadaye hupenda kusema kwamba mbwa huyo aliliwa na mamba, jambo linaloafikiana vizuri mno na jina la ziwa. Shajara ya Livingstone yenyewe yasema alikufa maji wakati msafara ulipokuwa ukivuka kinamasi.

Ili kufahamu kilichojengwa Shiwa Ng'andu, yafaa kwanza kutazama mapokeo ya Uingereza yenyewe. Katika karne ya 18 matajiri wa huko waliacha bustani za mistari iliyonyooka na kuanza kutengeneza nchi nzima iliyozunguka nyumba zao: nyasi zinazoteremka hadi ziwani, vichaka vya miti vilivyopangwa vionekane kana kwamba vimejiotea, na mahandaki yaliyofichwa ili ng'ombe wasikaribie nyumba ilhali macho hayaoni ua wowote. Fundi mashuhuri wa kazi hiyo alikuwa Lancelot Brown (1716–1783), ambaye aliwahi kuwa mkuu wa watunza bustani huko Stowe. Uzuri wa bustani hizo ulitegemea jambo moja, kwamba kazi isionekane. Hata kijiji kiliweza kuondolewa. Huko Nuneham Courtenay, katika miaka ya 1760, Bwana Harcourt alikihamisha kijiji kizima ili kisiharibu mandhari ya nyumba yake, na huko Milton Abbas jambo kama hilo lilitendeka miaka michache baadaye. Wanakijiji walijengewa nyumba mpya kando ya barabara, mbali na macho ya bwana.

Gore-Browne hakuwa na utajiri wa kadiri hiyo. Aliyekuwa na mali ni shangazi yake, Ethel Locke King, ambaye pamoja na mumewe Hugh walijenga kiwanja cha mashindano ya magari cha Brooklands, kilichofunguliwa mwaka 1907 katika ardhi yao huko Weybridge. Fedha za shangazi huyo zilisaidia sana kulisimamisha shamba la Shiwa, na barua ambazo mpwa alimwandikia kwa miaka mingi ni hazina kubwa kwa mtafiti wa historia hii. Gore-Browne alirejea mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakati nchi ilipokuwa bado chini ya Kampuni ya Uingereza ya Afrika ya Kusini. Aliipata ardhi kutoka kwa Kampuni hiyo, na shamba likaja kufikia takribani ekari 23,000.

Kituo cha reli kilichokuwa karibu zaidi ni Ndola, kwenye njia ileile iliyokuwa imefika Élisabethville mwaka 1910. Kutoka hapo mizigo ilibebwa vichwani, ikapakiwa kwenye mitumbwi, ikapitishwa katika vinamasi vya Bangweulu, kisha ikabebwa tena. Kila sahani ya chakula, kila kitabu na kila kipande cha chuma kilichoifikia nyumba ile kilipita juu ya bega au kichwa cha mtu. Matofali na vigae havikusafirishwa. Vilifinyangwa na kuchomwa papo hapo kwa udongo wa mahali hapo, na mbao zilipasuliwa hapohapo. Ujenzi uliendelea katika miaka ya 1920 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930. Matokeo yake yalikuwa nyumba kubwa yenye mnara, maktaba na kanisa dogo, na mbele yake bustani ya ngazi zinazoshuka mlimani, zenye mawaridi na bogenvilia, zikielekea ziwani. Mgeni aliingia kwa njia iliyopandwa mikaratusi pande zote mbili hadi kwenye nyumba ya lango.

Hapa ndipo tofauti na Uingereza inapodhihirika. Nuneham Courtenay kijiji kiliondolewa ili bustani ionekane, ilhali Shiwa bustani haingeweza kuwepo pasipo kijiji kujengwa. Penye shamba palizuka nyumba za wafanyakazi, shule, hospitali, duka na posta. Mwajiri alihitaji watu, na watu hao walikuwa na njia nyingine za kupata fedha za kodi. Katika miaka ya 1910 na 1920 kampuni ya Robert Williams ilikuwa ikiandikisha wafanyakazi wa Rodesia ya Kaskazini kwa ajili ya migodi ya Union Minière ya Katanga, na Wabemba walikuwa wengi miongoni mwao. Kiswahili cha Lubumbashi kingali kinabeba athari ya lugha yao. Kijana wa nchi ya Shiwa aliweza kuchagua kati ya kuchimba ngazi za bustani ya mzungu na kwenda kuchimba shaba Katanga. Wote wawili, mkata mawaridi na mchimba shaba, wanapaswa kusomwa katika sura moja ya historia, ingawa vitabu vimezoea kuwatenga.

Masharti ya kazi bustanini hayakuwa laini. Waliomwandikia Gore-Browne wasifu wanakubaliana kwamba alikuwa mwepesi wa hasira na wa kumpiga mfanyakazi, na wenyeji walimwita Chipembele, yaani kifaru. Watu haohao wanaeleza pia kwamba aliijua lugha ya Kibemba, kwamba wengi waliishi naye maisha yao yote, na kwamba aliwatetea mbele ya serikali. Mambo haya mawili yalikuwa ya mtu mmoja, na haifai kulitumia moja ili kulifuta jingine.

Kuna bustani nyingine ambayo lazima itajwe, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo kwanza. Wabemba walilima kwa njia iitwayo citemene. Mwanamume hupanda mtini na kukata matawi bila kuua shina, matawi hukusanywa na kurundikwa katika eneo dogo kuliko lile yalikokatwa, kisha huchomwa mwishoni mwa kiangazi, na ulezi hupandwa katika majivu. Baada ya miaka michache pahali hapo huachwa, mashina huchipua, na watu husogea mbele. Kwa macho ya watawala wa kikoloni huo ulikuwa uharibifu wa misitu na kisingizio cha watu kutawanyika ili kukwepa kodi. Mwaka 1906 Kampuni iliipiga marufuku citemene pamoja na mitanda, vibanda ambamo watu waliishi karibu na mashamba yao. Njaa na manung'uniko yaliyofuata yaliilazimisha kuiondoa amri hiyo baada ya miaka michache tu. Mwanaanthropolojia Audrey Richards, aliyefanya utafiti kwa Wabemba katika miaka ya 1930, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1939 jinsi ukulima huo ulivyofungamana na chakula, ndoa na mamlaka ya machifu.

Mtu akiziweka bustani hizo mbili bega kwa bega, ni vigumu kukubali hukumu ya zamani kwamba moja ilikuwa ustaarabu na nyingine ubadhirifu. Ile ya mzungu ilitaka pahali pamoja pasipohama, maji ya kudumu na mikono mingi kila siku ya mwaka. Ile ya Wabemba iliisoma ardhi ilivyo, kwamba udongo ni maskini na rutuba imo mitini, nayo ikahama kwa sababu hiyo. Matawi ya citemene yalirudi kuota bila mshahara wa mtu.

Tatizo kubwa la Shiwa lilikuwa fedha. Mazao ya kawaida hayangeweza kulipia safari ndefu hadi reli, na ilihitajika bidhaa nyepesi yenye thamani kubwa. Jibu lilitoka bustanini penyewe. Neno bustani limetufikia kutoka Kiajemi, ambamo maana yake ya asili ni pahali pa harufu nzuri, na pale Shiwa maana hiyo ya kale ilitimia kwa namna ambayo haikutarajiwa. Gore-Browne alianza kukeneka mafuta ya manukato, yaani kuyachemsha maua, majani na maganda ya matunda kwa mvuke na kuyatoa mafuta yake. Alijaribu maua ya michungwa, mawaridi, jeraniumu na mikaratusi. Lorna Goldman, aliyefunga naye ndoa mwaka 1927 akiwa msichana mdogo kwake kwa zaidi ya miaka ishirini, alishiriki sana katika kazi hiyo. Kilichofaulu zaidi ni ndimu. Katika miaka ya 1930 na 1940 mashamba ya ndimu yalikuwa tegemeo la makao yote, na chupa moja ya mafuta ilibeba katika ujazo mdogo kazi ya wachumaji wengi, wake kwa waume. Bustani ya Kiingereza iliyokusudiwa kuificha kazi ikawa kiwanda.

Ndoa ile ilivunjika, na talaka ikatolewa mwaka 1950. Katika muongo huohuo ndimu zilianza kufa. Ugonjwa wenyewe ulikuwa tristeza, jina la Kireno lenye maana ya huzuni, ambao husababishwa na virusi na kuenezwa na vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu. Tayari ulikuwa umeangamiza mamilioni ya michungwa Brazili tangu miaka ya 1930. Mti ulioshikwa hunyauka kuanzia juu, na hakuna dawa ya kuuponya. Hasara yake Shiwa haikuwa ya miti peke yake, kwa kuwa mafuta ndiyo yaliyokuwa yakilipia nyumba, na nyumba ndiyo iliyokuwa ikilipa mishahara. Ufugaji wa ng'ombe ulichukua nafasi, lakini ng'ombe hawahitaji mikono mingi kama ndimu. Wanahistoria wamekishughulikia zaidi kisa cha ndoa ile, ilhali kwa familia za wafanyakazi jambo kubwa la miaka hiyo lilikuwa kidukari.

Siasa ya Gore-Browne yaweza kuelezwa kwa ufupi. Aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1935, na tangu 1938 aliteuliwa kuwakilisha maslahi ya Waafrika. Mapendekezo yake ya mwaka 1948 kuhusu kuigawa nchi yalimpotezea imani ya wengi wao, naye akaliacha Baraza mwaka 1951. Hata hivyo alikiunga mkono chama cha UNIP, na akagombea kwa tiketi yake mwaka 1962 bila kufaulu. Alifariki mwezi Agosti 1967 akazikwa kwa heshima za kitaifa kwenye kilima kinacholitazama ziwa, na Rais Kenneth Kaunda alizungumza mazikoni. Machifu wa Wabemba, watu wa mamba, walikuwa wakizikwa nchini humo tangu zamani. Kaburi la afisa wa mpaka likawekwa katika ardhi hiyohiyo, juu ya maji yenye jina lao.

Nyumba ilibaki mikononi mwa uzao wake, ikachakaa, kisha ikakarabatiwa na wajukuu. Wageni huja kuitazama. Huoneshwa maktaba, kanisa na ngazi za bustani zilizofinyangwa kwa udongo wa Shiwa, na huingia kwa njia ileile ya mikaratusi hadi langoni.