Kuteremka Pwani kutoka Mponde

Katikati ya karne ya 19, aliyetoka Pangani kwenda milima ya Usambara hakuvuka mpaka wa nchi. Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Usambara aliyetawala kutoka Vuga hadi alipofariki mwaka 1862, alisikilizwa mpaka baharini. Madiwani wa miji ya pwani walimtambua, ingawa Sultani wa Zanzibar naye aliidai miji hiyohiyo. Leo Vuga na Mponde, penye mashamba ya chai, zote zimo katika Halmashauri ya Bumbuli.

Njia ya mlimani na pwani ndiyo waliyoifuata wageni wa mwanzo. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Usambara mwaka 1848, akarudi mwaka 1852 akipitia Pangani. Februari 1857 wakaja Richard Burton na John Hanning Speke. Kimweri, sasa mzee na mgonjwa, aliwapa ng'ombe, sima na ndizi, akitumaini wangekuwa na dawa ya kumrudishia nguvu. Hawakuwa nayo. Burton aliandika habari za safari ile kwa dharau nyingi, na dharau hiyo haikuwastahili watu waliomlisha na kumwongoza.

Wataalamu wa ndege walifuata. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti Amani, Usambara Mashariki. Bundi mkubwa wa misitu ya huko alipewa mwaka 1908 jina la Julius Vosseler, mtaalamu wa wanyama wa hapo Amani. Mwaka 1928 akaja Mwingereza Reginald Moreau, ambaye alikuwa amechunguza ndege Misri. Kazi yake ilitegemea sana macho na masikio ya wenyeji, hasa Salimu Asmani, aliyemkusanyia ndege msituni. Jina la Moreau limo katika vitabu vya ndege hadi leo. La Salimu linastahili kuandikwa kando yake.

Upande wa magharibi kuna msitu wa Mazumbai, nao umo Bumbuli. Familia ya Tanner kutoka Uswisi, wenye shamba la chai, haikuukata msitu huo. Mwaka 1968 ulikabidhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na sasa uko chini ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Humo huishi Sheppardia montana, ndege mdogo wa vichakani asiyejulikana kuishi popote duniani isipokuwa Usambara Magharibi.

Wengine hawakai juu mwaka mzima. Baridi ya Juni hadi Agosti ikiingia, baadhi ya ndege wa milimani hushukia misitu ya chini karibu na pwani, kisha hupanda tena. Maji nayo hushuka: Lwengera hupita kati ya Usambara mbili, huingia Mto Pangani na kufika baharini. Ndiyo maana mwenyeji wa Mponde anayetaka kuwaonyesha marafiki pwani hafanyi vibaya kuanzia Mazumbai, ndipo ateremke Korogwe na kushika barabara ya Tanga.

Huko, maji yakitoka, kitwitwi hutafuta chakula kwenye tope la mikoko. Baadhi yao wamezaliwa Siberia. Moreau aliwafikiria wasafiri hao kwa miaka mingi. Kitabu chake juu ya ndege wanaohama kati ya Ulaya, Asia na Afrika kilitoka mwaka 1972, miaka miwili baada ya kifo chake.

Habari ya samaki ni ya ajabu zaidi. Kuanzia mwaka 2004, jarife za papa zilizotegwa kina kirefu kati ya Tanga na Kigombe zilinasa silikanti wengi, samaki ambaye wanasayansi waliamini ametoweka zama za dinosaria, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Kwa wavuvi wa huko alikuwa mzigo mzito usiokuwa na soko. Mwaka 2009 serikali ilitenga Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Ndani yake jarife za kina kirefu ni marufuku, lakini ngalawa bado hutoka Kigombe, na mgeni aliyeshuka kutoka chai ya Mponde anaweza kukaa humo na mshipi wake, akitafuta changu na tasi.