Kitabu cha Nyuma ya Kaunta

Brosha ya gari huchapishwa ili mtu atamani. Utamwona mama kavaa glovu, mtoto anacheka, na gari linang'aa mbele ya nyumba ambayo mnunuzi mwenyewe hana. Kitabu cha spea hakikuwa na haja ya kumtamanisha mtu. Kilikaa nyuma ya kaunta ya wakala, kikapekuliwa kutwa na karani mwenye vidole vya grisi, na toleo jipya lilipofika kikatupwa au kikawashiwa jiko. Brosha watu walienda nayo nyumbani wakaitia kwenye droo. Kitabu cha spea hakikuwa na mwenye kukitunza, na ndiyo maana leo kuna watu wanaovuka bahari kukitafuta.

Ukitaka kujua kilizaliwaje, anzia kwa Henry Ford. Katika kitabu chake cha maisha na kazi kilichotoka mwaka 1922, Ford anaeleza kwamba gari lake lina vipande karibu 5,000, skrubu na nati zikihesabiwa. Anasema pia kwamba alitaka spea ziwe rahisi na zifanane kiasi cha kuuzwa katika duka la vifaa kama misumari. Haikuwa ndoto tupu. Model T ilianza kuuzwa Oktoba 1908 na ilipokoma Mei 1927 yalikuwa yametengenezwa magari zaidi ya milioni 15, mengi yakitumika kwenye barabara za udongo, mbali na fundi yeyote. Lakini msumari huuombi kwa maelezo marefu. Spea ya gari mkulima mmoja ataiita hivi na jirani yake ataiita vile, na karani akikosea, mteja amesafiri siku nzima bure. Kwa hiyo kila kipande kilipewa namba, na namba zikapewa kitabu.

Ilipoingia Model A, Desemba 1927, ukaenea utaratibu ambao wakusanyaji wanaukariri kama watoto wa madrasa. Namba za elfu sita ni injini, za elfu saba giaboksi, za elfu nane mambo ya kupoza injini, za elfu tisa mafuta. Rejeta ni 8005. Kabureta ni 9510. Mbele ya namba hiyo panawekwa alama ya gari: A-9510 ni kabureta ya Model A. Magari ya V8 ya 1937 alama yake ni 78, yaani saba ya mwaka na nane ya silinda. Ya 1940 ni 01A, ya 1942 ni 21A. Miongo ikapita, alama za mbele zikabadilika, lakini ile 9510 haikuguswa. Kwenye Mustang ya 1965 alama ya spea ni C5ZZ, ambapo C ni miaka ya 1960, 5 ni mwaka wenyewe na Z ya kwanza ni Mustang. Kabureta yake? 9510. Karani aliyeanza kazi akiwa kijana mwaka 1928 angeweza kustaafu bila kulazimika kujifunza upya namba ya kabureta.

Alimradi asihamie kwa Volkswagen. Kwa Ford, madigadi ya mbele ya kulia ni 16005 na ya kushoto ni 16006: witiri ni kulia, shufwa ni kushoto. Wajerumani waligeuza. Madigadi ya mbele ya kushoto ya Beetle ni 111 821 021, ya kulia inaishia na 022. Ni jambo dogo, lakini limetosha kumrudisha mteja dukani amebeba madigadi ya upande usio wake, tena amekasirika.

Msomaji wa Mombasa au Arusha anaweza kudhani hayo ni ya Wamarekani peke yao. Sivyo. Kampuni ya Ford ya Kanada iliundwa mwaka 1904 huko Walkerville, ng'ambo tu ya mto Detroit, ikapewa haki ya kuuza katika Dola yote ya Uingereza isipokuwa Uingereza yenyewe. Kwa mpango huo makoloni ya Afrika Mashariki yaliangukia upande wa Kanada, na gari la huku usukani wake uko kulia. Kitabu cha Wamarekani hakimtoshi mwenye gari la namna hiyo. Injini ataiona yote, lakini akifika kwenye usukani, pedali na dashibodi, anakuta mchoro wa gari la mwenzake. Anachohitaji ni kitabu cha Kanada, chenye herufi C mbele ya namba za vitu vilivyotengenezwa huko, kama ilivyokuwa kwenye malori ya jeshi ya Kanada wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ford za Kiingereza nazo zilikuwa na E yao. Mtu anayefufua V8 ya zamani Nairobi basi anawinda kitabu kimoja, na anayefufua gari hilohilo Ohio anawinda kingine.

Vita vyenyewe viliupandisha hadhi ukurasa wa spea. Kuanzia Februari 1942 viwanda vya Marekani viliacha kutengeneza magari ya raia, vikarudi kazini katikati ya 1945. Miaka mitatu na zaidi gari kuukuu ndilo lilikuwa gari. Baada ya hapo Ford ilikusanya spea za chasi za magari yake ya mwaka 1928 hadi 1948 katika buku moja nene, jalada la kijani. Wapenzi wa magari hayo wanaliita Biblia ya Kijani, na sidhani wanatania sana.

Kabla ya vita tayari kulikuwa na kitabu cha aina nyingine, ambacho hakikutoka kiwandani. Mwaka 1934 Roy Hollander, mvunja magari wa Minnesota, alichapisha orodha ya spea zinazoingiliana: ekseli ya gari hili inaingia kwenye lile, dinamo ya mwaka huu inafaa kwa miaka mitatu ya mbele. Kila kampuni iliandika kana kwamba magari ya wengine hayapo duniani, naye akaandika kama mtu anayekaa katikati ya yadi ya mabovu. Elimu hiyo wauza spea wa Gerezani, Dar es Salaam, na wa barabara ya Kirinyaga, Nairobi, wanayo mpaka leo, ila wanaihifadhi kichwani.

Vitabu vingi vya mawakala viliangamizwa na ubora wake wenyewe. Vilikuwa majalada ya kurasa zinazochomoka. Mabadiliko yakitoka, karani huchomoa ukurasa wa zamani na kuchomeka mpya, kwa hiyo jalada la 1936 lililonusurika laweza kuwa limejaa kurasa za 1939, na hali ya kwanza ya gari imeshatupwa. Bei zilikaa katika vijitabu vyake vya pembeni, ambavyo viliisha maana kila bei zilipopanda. Kisha ikaja mikrofishi, kipande cha filamu cha ukubwa wa kadi ya posta kinachobeba kurasa tele, na baada yake kompyuta. Mashelfu yakaachwa wazi.

Kilichobaki kinaonekana kila Oktoba huko Hershey, Pennsylvania, kwenye soko la magari ya kale lililoanza mwaka 1955, au Beaulieu kusini mwa Uingereza, ambako soko la namna hiyo lilianza mwaka 1967. Maktaba ya umma ya Detroit nayo ina mkusanyo mkubwa wa historia ya magari. Katika masoko hayo mtu hupekua maboksi ya karatasi akitazama chini ya jalada kama kuna muhuri wa wakala na namba ya simu ya tarakimu tatu, kisha hutazama tarehe iliyo chini ya kila ukurasa, kwa maana jalada linaweza kudanganya.

Anayetaka namba tu ananunua nakala iliyochapwa upya, safi, ya bei nafuu, nayo inatosha kwa kuagizia spea. Wakusanyaji wakongwe hawaishii hapo. Wao hufungua kitabu na kutafuta uchafu. Kurasa za vitasa vya milango ni nyeupe, za mapambo ya boneti kana kwamba hazijawahi kuguswa. Za klachi zina alama za vidole gumba. Penseli imepiga mstari chini ya namba fulani mara mbili, tatu, na pembeni karani ameandika namba nyingine iliyochukua nafasi yake. V8 za mwanzo zilikuwa maarufu kwa kuchemka, tena zilibeba pampu mbili za maji, moja kila upande. Ukifika kwenye ukurasa wa 8501, namba ya pampu hiyo, usishangae kuukuta umebanduka, umerudishwa kwa seloteipu iliyogeuka rangi ya chai.